Kiingereza cha Mtihani Hakijengwi Wiki ya Mwisho: Maandalizi ya Lugha Kuelekea Kidato cha Kwanza 2028

Na Mwandishi Wetu – Dodoma

Januari 2028 shule za sekondari za Serikali zitapokea makundi mawili ya wanafunzi wa kidato cha kwanza kwa wakati mmoja. Kundi la kwanza ni la watakaohitimu darasa la saba mwaka 2027 kwa utaratibu uliozoeleka. Kundi la pili ni la watakaohitimu darasa la sita mwaka huohuo, wa kwanza kupita katika elimu ya msingi ya miaka sita kwa mujibu wa Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023.

Mjadala kuhusu mwaka huo umejikita zaidi katika madarasa, madawati, maabara na walimu, na ni haki iwe hivyo. Makala haya yanaangalia hitaji jingine ambalo halionekani kwa macho kama jengo, nalo ni uwezo wa watoto hao kusoma na kuelewa Kiingereza, lugha watakayofundishiwa na kutahiniwa tangu siku ya kwanza ya masomo ya sekondari.

Hesabu ya miaka

Mtaala ulioboreshwa ulianza kutekelezwa Januari 2024 kwa madarasa machache, yakiwemo darasa la kwanza na la tatu. Miongoni mwa mabadiliko yake ni somo la Kiingereza kuanza darasa la kwanza, badala ya darasa la tatu kama ilivyokuwa katika mtaala uliotangulia. Ni hatua iliyosubiriwa kwa muda mrefu, lakini matunda yake hayatafika sekondari kwa siku moja.

Wanafunzi waliokuwa darasa la tatu mwaka 2024 ndio watakaohitimu darasa la sita mwaka 2027. Walipokuwa darasa la kwanza na la pili, mtaala wa wakati huo ulielekeza nguvu katika stadi za Kusoma, Kuandika na Kuhesabu, na Kiingereza hakikuwamo katika shule zinazofundisha kwa Kiswahili. Kwa hiyo wataingia sekondari wakiwa wamesoma Kiingereza kama somo kwa miaka minne tu. Wenzao wa darasa la saba watakuwa wamekisoma kwa miaka mitano. Watoto walioanza darasa la kwanza mwaka 2024 watakuwa na miaka sita ya somo hilo, ila hao watafika kidato cha kwanza Januari 2030.

Maana yake ni kwamba watakaoingia mwaka 2028 kutoka darasa la sita, pamoja na watakaowafuata mwaka 2029, ni kizazi cha daraja. Wamepata njia fupi zaidi ya kwenda sekondari bila kupata mwanzo wa mapema wa Kiingereza. Pengo hilo linaweza kuzibwa, kwa kuwa muda bado upo. Swali ni kwa mazoezi ya aina gani.

Lugha ni mlango wa masomo yote

Baraza la Mitihani la Tanzania (NECTA), lililoanzishwa kwa Sheria Na. 21 ya mwaka 1973, huchapisha taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa kwa kila somo, na taarifa hizo hupatikana bila malipo katika tovuti yake. Anayezisoma kwa utulivu hukutana na sababu mbili zinazojirudia kila panapoelezwa kwa nini baadhi ya watahiniwa walifanya vibaya: hawakuelewa matakwa ya swali, au hawakuweza kueleza kwa Kiingereza kile walichokusudia. Sababu hizo hazimo katika somo la Kiingereza pekee. Zimo pia katika Historia, Jiografia na Biolojia.

Chukulia maneno machache yanayotumika kuulizia maswali. "Describe" humtaka mtahiniwa aeleze jinsi kitu kilivyo. "Explain" humtaka afafanue na kutoa sababu. "Compare" humtaka aonyeshe yanayofanana na yanayotofautiana. "Outline" humtaka ataje hoja kuu kwa ufupi, na "justify" humtaka atetee msimamo kwa ushahidi. Mwanafunzi anayeufahamu vizuri mfumo wa umeng'enyaji wa chakula, lakini asiyejua tofauti ya maneno hayo, hupoteza alama za Biolojia kwa kosa la Kiingereza. Kwa kuwa karibu masomo yote ya sekondari hutahiniwa kwa lugha hiyo, isipokuwa Kiswahili na mengine machache, kosa moja la lugha hujirudia katika karatasi nyingi za majibu.

Historia inatufundisha nini

Suala hili si geni nchini. Kiswahili kilifanywa lugha ya kufundishia katika shule za msingi mwaka 1967, na Kiingereza kikabaki lugha ya sekondari na vyuo. Mapema miaka ya 1980 Tume ya Rais ya Elimu, iliyoongozwa na Jackson Makweta, ilipendekeza Kiswahili kitumike pia sekondari. Serikali ya wakati huo iliamua kuendelea na Kiingereza. Mwaka 1984 wataalamu wawili wa Uingereza, Clive Criper na William Dodd, walifanya utafiti katika shule na vyuo vyetu na kubaini kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kujifunzia masomo mengine.

Hatua iliyofuata mwishoni mwa miaka hiyo ina somo kwetu leo. Mradi wa kuimarisha ufundishaji wa Kiingereza, uliotekelezwa kwa msaada wa Uingereza, ulipeleka shuleni vitabu vya hadithi vilivyoandikwa kwa Kiingereza chepesi na kupangwa kwa ngazi, ili mwanafunzi aanze na kitabu anachokiweza na kupanda polepole. Tatizo lilitambuliwa mapema kuwa ni la kusoma, na dawa iliyochaguliwa ilikuwa kusoma. Miradi huwa na mwisho wake, lakini hoja hiyo haijazeeka.

Kazi na mipaka ya mitihani iliyopita

Njia inayopendwa zaidi ya kujiandaa, nyumbani na shuleni, ni kujibu mitihani ya miaka iliyopita. Njia hii ina faida zake. Humzoesha mwanafunzi mpangilio wa karatasi, humfundisha kugawa muda na humwondolea hofu ya maswali ya kuoanisha, ya kuchagua jibu sahihi, ya kuandika sentensi upya kwa kufuata maelekezo, ya barua na ya insha.

Hata hivyo, mwanafunzi anayekariri kwamba jibu la swali la tatu la mwaka fulani ni herufi C amejifunza swali moja ambalo huenda lisirudi tena. Mtihani uliopita unafaa pale kila jibu lililokosewa linapofuatiliwa hadi chanzo chake: je, nilikosa kwa sababu ya neno nisilolijua, kanuni ya sarufi, au sikusoma kifungu kwa makini? Jibu la swali hilo ndilo linaloonyesha kazi ya wiki inayofuata. Bila ufuatiliaji huo, karatasi kumi zinaweza kumalizika mwanafunzi akiwa palepale alipoanzia.

Msamiati: maneno mangapi, na yapi

Watafiti wa ujifunzaji wa lugha, akiwemo Paul Nation wa New Zealand, wameonyesha kwamba msomaji anahitaji kujua takriban asilimia 98 ya maneno ya kifungu ili akielewe vizuri bila msaada. Kwa lugha nyepesi, katika kila maneno 50 asikose zaidi ya neno moja. Kitabu ambacho kila mstari wake una neno geni hakimfundishi mtoto kusoma. Humfundisha kukata tamaa.

Faraja ni kwamba maneno ya lugha hayana uzito sawa. Mwaka 1953 Michael West, mwalimu aliyefanya kazi kwa miaka mingi Bengal, alichapisha orodha ya maneno yapatayo 2,000 yanayotumika zaidi katika Kiingereza. Maneno ya aina hiyo hubeba sehemu kubwa ya kila kifungu. Mwanafunzi wa darasa la sita akiyafahamu hayo kwanza, kabla ya kuhangaika na maneno adimu, atakuwa amejenga msingi wa kidato cha kwanza.

Njia ya pili ya kuokoa muda ni kujifunza maneno kwa familia. Mtoto anayezungumza Kiswahili tayari anaijua kanuni hii bila kufundishwa. Kutokana na "soma" anapata msomaji, somo, usomaji, someka na somesha. Kiingereza nacho kina "employ", ambalo huzaa "employer", "employee", "employment" na "unemployment". Mwalimu anayeanza na mfano wa Kiswahili kisha kuuhamishia kwenye Kiingereza anatumia mtaji ambao mwanafunzi amekuja nao kutoka nyumbani.

Daftari la msamiati nalo liwe na zaidi ya neno na tafsiri yake. Liandikwe neno, sentensi ambamo lilikutwa, na sentensi nyingine aliyoitunga mwanafunzi mwenyewe. Neno lisilo na sentensi husahaulika upesi, na hata likikumbukwa halijui pa kukaa.

Sarufi: tuanzie pale lugha mbili zinapoachana

Makosa mengi ya sarufi ya wanafunzi wetu yana mantiki. Hutokea mahali ambapo Kiswahili na Kiingereza huachana njia. Kiambishi "-ni" kinatutosha kusema mezani, nyumbani na sokoni, ilhali Kiingereza humlazimu msemaji achague kati ya "in", "on" na "at". Neno "yeye" halibagui mwanamume na mwanamke, wakati Kiingereza kina "he" na "she". Kiswahili hakina vineno kama "a" na "the" vinavyotangulia nomino, hivyo mwanafunzi huviacha au huviweka pasipostahili.

Mfano mwingine ni wa njeo. Katika mazungumzo ya kawaida mtu husema "nimefika jana" na hakuna anayeshangaa. Mwanafunzi akiihamisha sentensi hiyo neno kwa neno ataandika "I have arrived yesterday" na kukosa alama, kwa kuwa Kiingereza kikishataja wakati maalumu uliopita hudai "I arrived". Maelezo ya dakika tano yanayolinganisha lugha hizi mbili humsaidia mtoto kuliko kurasa tatu za kanuni zilizokaririwa. Kiswahili katika kipindi cha Kiingereza, kikitumika kwa mpango, ni nyenzo ya kufundishia na hakistahili kuhesabiwa kama kosa la nidhamu.

Ufahamu: kusoma kwingi, na kusoma kwa ushahidi

Kosa lililozoeleka katika maswali ya ufahamu ni mwanafunzi kutafuta neno la swali ndani ya kifungu, kisha kunakili sentensi nzima iliyo na neno hilo. Wakati mwingine hupata alama, lakini mara nyingi hukosa, hasa swali linapohitaji sababu, maoni ya mwandishi au kichwa kinachofaa.

Zoezi bora lina hatua chache. Mwanafunzi asome kifungu chote mara ya kwanza bila kufungua kamusi, kisha aseme kwa sentensi moja kinahusu nini. Asome mara ya pili akikisia maana ya maneno mageni kutokana na yale yanayoyazunguka, ndipo ahakikishe kwa kamusi. Anapojibu, aonyeshe kwa kidole mstari uliompa jibu. Asipouona, jibu lake ni la kubahatisha. Mwisho afunge kitabu na kuandika ufupisho kwa maneno yake mwenyewe.

Pamoja na umakini huo, kinahitajika pia kiasi. Tuchukue mfano wa hesabu. Mtoto anayesoma polepole, maneno 60 kwa dakika, akisoma hadithi nyepesi kwa dakika 20 kila siku ya shule, atasoma maneno 6,000 kwa wiki na maneno 60,000 kwa wiki kumi. Mwenzake aliyefanya vifungu 20 vya mitihani iliyopita, kila kimoja chenye maneno 250, atakuwa amesoma maneno 5,000. Tofauti ni mara kumi na mbili, na gharama yake ni kitabu kimoja kinachopokezanwa.

Ushahidi wa nchi nyingine unaunga mkono hoja hii. Mwanzoni mwa miaka ya 1980, Warwick Elley na Francis Mangubhai walipeleka vitabu vya hadithi vya Kiingereza, vipatavyo 250 kwa darasa, katika shule za vijijini nchini Fiji, ambako watoto huzungumza lugha nyingine nyumbani kama ilivyo kwetu. Baada ya takriban miezi minane, watoto waliosoma hadithi hizo walikuwa wamepiga hatua katika kusoma kwa kasi ya karibu mara mbili ya kawaida. Baada ya mwaka wa pili, maendeleo yalionekana pia katika stadi nyingine za lugha.

Haba na haba

Jambo jingine ni mpangilio wa muda. Mwaka 1885 Mjerumani Hermann Ebbinghaus alichapisha matokeo ya majaribio yaliyoonyesha jinsi mambo yaliyokaririwa yanavyosahaulika haraka, na jinsi marudio yaliyogawanywa kwa siku kadhaa yanavyoshinda marudio ya mkupuo mmoja. Mwaka 2006 Henry Roediger na Jeffrey Karpicke wa Marekani walionyesha kwamba wanafunzi waliosoma kifungu kisha wakajipima kwa kukumbuka yaliyomo, baada ya wiki moja walikumbuka zaidi kuliko waliorudia kukisoma tu. Wahenga wetu walikwishasema kwamba haba na haba hujaza kibaba. Maneno matano kwa siku, yakijaribiwa tena kesho, wiki ijayo na mwezi ujao, ni akiba ya kudumu. Maneno 200 ya usiku mmoja kabla ya mtihani hutoweka pamoja na usiku huo.

Msingi huohuo humfaa hata mhitimu wa chuo kikuu anayeomba ufadhili wa masomo nje ya nchi. Mtihani wa IELTS, ulioanza kutolewa mwaka 1989, una sehemu ya kusoma yenye maswali 40 yanayojibiwa kwa dakika 60. Hapo hakuna muda wa kutafsiri kila sentensi kichwani. Aliyezoea kusoma tangu shuleni hujiandaa kwa kujifunza mpangilio wa mtihani, na asiyezoea hulazimika kujifunza kusoma akiwa mtu mzima, huku tarehe ya mwisho ya maombi ikimsogelea.

Kila mmoja na sehemu yake

Serikali imekwishafungua njia kadhaa. Elimu bila ada imeondoa kikwazo cha malipo ya ada shuleni. Taasisi ya Elimu Tanzania (TET) imeweka vitabu vya kiada katika Maktaba Mtandao, ambako mwalimu mwenye simu janja anaweza kuvisoma. Bodi ya Huduma za Maktaba Tanzania inasimamia maktaba za umma. Kinachohitajika sasa ni kuziunganisha njia hizo na kundi la mwaka 2028 kabla halijafika.

Kwa kawaida mtihani wa kumaliza darasa la saba hufanyika Septemba, na kidato cha kwanza huanza Januari. Miezi hiyo ni mali. Wazazi wenye uwezo huwapeleka watoto wao katika masomo ya kulipia ya maandalizi, lakini wengine hukaa bila hata kitabu. Shule ya msingi inayoruhusu wahitimu wake kuazima vitabu vya hadithi katika kipindi hicho itapunguza tofauti hiyo bila kuomba fungu jipya la bajeti.

Katika sekondari, kozi ya awali ya lugha ya Kiingereza inayotolewa kwa wanaoingia kidato cha kwanza ilindwe. Ikifupishwa ili kuwahi mada, walimu wa masomo mengine ndio watakaolipa gharama hiyo kwa miaka minne. Walimu hao nao wana nafasi yao. Mwalimu wa Jiografia anayeandika ubaoni maneno sita muhimu ya mada, akayaeleza kabla ya kuanza na kuyauliza tena mwisho wa kipindi, anafundisha Jiografia na lugha kwa pamoja.

Mzazi asiyejua Kiingereza pia asijitoe. Anaweza kumwambia mtoto, "Mwanangu, nisimulie kwa Kiswahili ulichosoma leo." Mtoto aliyeelewa atasimulia. Asiyeelewa atakwama, na wote wawili watajua pa kurudia. Zoezi hilo halidai cheti wala fedha. Linadai dakika kumi za kusikiliza.

Kipimo kitakachokuja

Wanafunzi watakaoingia kidato cha kwanza Januari 2028 wanatarajiwa kufanya mtihani wa kidato cha nne mwaka 2031. Matokeo yao yatasomwa na wengi kama hukumu juu ya elimu ya msingi ya miaka sita. Itakuwa si haki iwapo watoto hao wataonekana wameshindwa Fizikia, Historia au Biolojia, kumbe walichokosa ni maneno ya kuelewa swali.

Madarasa yao yanaendelea kujengwa. Msamiati, sarufi na mazoea ya kusoma navyo vianze kujengwa sasa, kwa kitabu kimoja chepesi na dakika 20 kwa siku.